Nani Atamletea Profesa Sapatu Zake? Uhakiki wa Filamu ya My Fair Lady

Ziko filamu ambazo uchambuzi wake haumpi kada taabu. Mwenye bunduki ni bwana mkubwa, anayeuawa ni mwenyeji, na hata mtoto huona mara moja filamu imetengenezwa kwa faida ya nani. Zinazotaka kazi ni zile zinazopendeza, zenye nyimbo nzuri, mavazi ya fahari na hadithi ya mapenzi, ambazo mtu hutoka kuziangalia akiwa na furaha, wala hahisi kwamba ameuziwa fikra yoyote. My Fair Lady, iliyotolewa na kampuni ya Warner Bros. ya Marekani mwaka 1964, ni filamu ya aina hiyo. Iliongozwa na George Cukor, ikapata tuzo 8 za Oscar, pamoja na ile ya filamu bora, na mpaka leo inaonyeshwa na kupendwa.

Kusema tu kwamba hii ni filamu ya kibepari, kisha tukafunga daftari, si uhakiki. Ni uvivu wa fikra. Hapana budi tuulize filamu hii imechukua nini, imekichukua wapi, imebadili nini, na badiliko hilo limemfaa nani. Tukifuata maswali hayo tutaona kwamba ndani ya hadithi hii, tangu mwanzo wake, lilikuwamo swali zito la kitabaka. Filamu haikulijibu swali hilo. Imelifunika kwa mapenzi, na imefanya hivyo kwa sababu mapenzi yanauzika.

CHIMBUKO LA HADITHI

Mwenye hadithi ni George Bernard Shaw, aliyezaliwa Dublin mwaka 1856, wakati Ireland yote ikiwa chini ya utawala wa Uingereza. Mwaka 1884 alijiunga na Chama cha Fabian, chama cha wasoshalisti wa Uingereza walioamini kwamba ujamaa utafikiwa hatua kwa hatua, kwa njia ya elimu, utafiti na sheria za bunge. Tamthilia yake iitwayo Pygmalion ilionyeshwa kwanza Vienna mwaka 1913, kwa lugha ya Kijerumani, kisha London mwaka 1914.

Kisa chake ni hiki. Eliza Doolittle ni msichana maskini anayeuza maua Covent Garden, London. Profesa Henry Higgins, bingwa wa fonetiki, anamsikia akizungumza, anaandika matamshi yake katika daftari, na anajigamba kwamba katika miezi michache anaweza kumfanya aonekane mwanamke wa ukoo wa kitawala. Msikilizaji wake ni Kanali Pickering, mtaalamu wa lugha za India aliyekuja kutoka huko. Eliza anakwenda mwenyewe kutaka mafunzo, na Kanali anakubali kulipa gharama zote kama dau. Eliza anafunzwa, anavishwa, anapelekwa kwenye dansi ya ubalozi, na hakuna anayemtambua asili yake. Dau limeliwa. Ndipo linapozuka swali: sasa Eliza aende wapi?

Shaw hakupenda tamthilia zake zigeuzwe michezo ya nyimbo. Tamthilia yake ya Arms and the Man iligeuzwa hivyo mwaka 1908 kwa jina la The Chocolate Soldier, naye hakutaka jambo hilo lirudiwe. Alifariki mwaka 1950. Mwaka 1956 Alan Jay Lerner, mtunzi wa maneno, na Frederick Loewe, mtunzi wa muziki, wakaitoa My Fair Lady jukwaani New York, kwa fedha za shirika la utangazaji la CBS. Ilionyeshwa mara 2,717 mpaka mwaka 1962. Warner Bros. wakalipa dola milioni 5.5 kwa haki ya kuifanya filamu, na filamu yenyewe ikagharimu kiasi cha dola milioni 17. Covent Garden nzima ikajengwa ndani ya studio huko Burbank, California.

Tarakimu hizi si pambo. Fedha za kiasi hicho haziwekwi ili watazamaji waulizwe maswali. Zinawekwa ili zirudi na faida. Kila uamuzi tutakaouona hapa chini umefanywa mbele ya daftari la hesabu.

SHILINGI YA ELIZA

Mandhari moja ya mwanzo yastahili kufundishwa darasani peke yake. Eliza anaingia nyumbani kwa Higgins na kusema kwamba amekuja kulipia masomo. Haombi sadaka wala hatafuti mume. Anataka kusema Kiingereza kinachokubalika ili apate kazi ndani ya duka la maua, aache kuuza pembeni mwa barabara. Anatoa shilingi moja.

Higgins, ambaye si mjinga, anaipiga hesabu shilingi ile. Anaona kwamba ukiitazama kama sehemu ya mapato ya msichana huyu kwa siku, inalingana na pauni 60 au zaidi kutoka kwa milionea. Hajawahi kuahidiwa malipo makubwa kama hayo.

Hapa Shaw amefundisha uchumi wa siasa kwa dakika mbili, na kwa bahati njema filamu haikuliondoa somo hilo. Shilingi ya maskini na shilingi ya tajiri si shilingi moja. Lakini tuangalie linalofuata. Mara tu Pickering anapojitolea kulipa, shilingi ya Eliza inasahauliwa. Mfanyakazi aliyekuja kununua elimu kwa jasho lake anageuzwa kuwa kifaa cha dau kati ya mabwana wawili. Nguo zake zinaamriwa zichomwe moto. Anaoshwa kwa nguvu huku akipiga kelele, na filamu inatutaka tucheke. Kuanzia hapo hana chake ndani ya nyumba ile, hata vazi alilovaa.

LUGHA NA TABAKA

Shaw aliona jambo la kweli kuhusu Uingereza. Katika nchi ile matamshi ya mtu yalikuwa kama kitambulisho. Mtu akifungua kinywa, mwenzake alijua mara moja amezaliwa mtaa gani, baba yake anafanya kazi gani, na kama apewe kiti au afukuzwe mlangoni. Shaw aliliona jambo hilo kuwa ovu la kijamii.

Lakini Higgins anaamini zaidi ya hapo. Anaamini kwamba matamshi ndiyo yanayoweka watu katika matabaka, na kwamba ukiyarekebisha matamshi umeondoa tabaka. Filamu inaimba fikra hiyo tangu mwanzo mpaka mwisho, nayo ni kuweka gari mbele ya farasi. Muuza maua hakuwa maskini kwa sababu alikata herufi vibaya. Alikata herufi vile kwa sababu alizaliwa na kukulia katika vitongoji vya maskini, na alikuwa maskini kwa sababu hakumiliki chochote ila kikapu cha maua. Lugha ni alama ya tabaka. Si chanzo chake. Mabwana wanapenda sana fundisho la kwamba mnyonge ananyonywa kwa kosa la ulimi wake, maana ulimi unarekebishwa bila kugusa mali ya mtu.

Kanali Pickering naye asiachwe kando. Amesomea lugha za India katika himaya ile ile iliyoitawala India. Elimu ya kuandika usemi wa watu katika daftari, na elimu ya kuwatawala watu hao, zilikwenda pamoja. Higgins anamsikiliza muuza maua wa London jinsi afisa wa kikoloni anavyomsikiliza mwenyeji. Usemi wake unastahili kuandikwa, lakini yeye mwenyewe hastahili kuulizwa anataka nini.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayo sababu ya kulielewa hili upesi. Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ziliunda kamati ya kusanifisha Kiswahili, na Kiunguja ndicho kilichowekwa kuwa msingi. Lugha moja ya vitabu na mashule ni chombo chenye manufaa makubwa, na hakuna sababu ya kukibeza. Lakini chombo ni kitu kimoja, na dharau ni kitu kingine. Mtu anayemcheka mwenziwe kwa lafudhi ya kijijini kwao, au anayempima akili kwa Kiingereza chake cha puani, anafanya kazi ya Higgins bila hata kulipwa mshahara wa profesa.

NGUO HIZI NI ZA NANI?

Baada ya dansi ya ubalozi, Higgins na Pickering wanarudi nyumbani wakipongezana. Watumishi nao wanaingia na kumwimbia bwana sifa. Eliza, aliyefanya kazi yote, amesimama pembeni kama kiti. Hakuna anayemtazama. Wanapokwenda kulala, Higgins anaulizia sapatu zake, naye Eliza anamrushia.

Majibizano yanayofuata ndiyo kiini cha hadithi. Eliza anauliza nguo alizovaa ni zake au ni za Kanali, maana hataki kesho aitwe mwizi. Higgins anashangaa na kuudhika. Kwake yeye hilo ni swali dogo, lisilo na adabu. Kwa Eliza ni swali la maisha, kwa kuwa asiye na mali hujua kwamba umiliki ndio unaoamua nani aitwe mwizi. Kisha anasema jambo zito zaidi: zamani aliuza maua, hakujiuza mwenyewe, sasa amefanywa bibi wa jamii ya juu, na hakuna kilichobaki cha kuuza isipokuwa nafsi yake. Higgins alikuwa amempa shauri kwamba pengine mama yake mzazi atamtafutia mume.

Ni nadra sana kusikia maneno ya namna hii katika filamu ya Hollywood. Ndoa ya tabaka la juu inatajwa waziwazi kuwa soko. Tumpe Shaw haki yake kwa kuyaandika, na filamu haki yake kwa kuyaacha.

Usiku ule ule Eliza anarudi Covent Garden. Wachukuzi na wauza mboga wenzake wa zamani wanaota moto. Wanamtazama, hawamjui, wanamwita kwa heshima na kutaka kumtafutia gari. Mandhari hii ni fupi, lakini imebeba ukweli wote. Eliza ametolewa kwao na wala hakupokewa kwingine. Ameinuliwa yeye peke yake, na soko limebaki vile vile, na baridi yake ile ile, na wasichana wengine wakiuza maua ya senti. Filamu ilifika mpaka hapa kwenye mlango wa swali, kisha ikageuka.

WAFANYAKAZI WA FILAMU HII

Imegeuka kwenda wapi? Kwanza kwenye kichekesho. Mfanyakazi mkubwa kuliko wote katika filamu ni baba yake Eliza, Alfred Doolittle, mzoa taka, mlevi, mwenye maneno matamu. Anakuja kwa Higgins kudai pauni 5 kwa sababu ya binti yake, na anaeleza kwamba maskini hana fedha za kununulia maadili. Hoja yake ina ukali wa kweli. Lakini kwa kuwa imewekwa kinywani mwa mlevi anayechekesha, mtazamaji anacheka na kuiacha ipite. Baadaye milionea wa Kimarekani anamrithisha fedha, na Doolittle analalamika kwamba sasa inambidi aishi kwa heshima.

Hadithi inatokea London kwenye miaka ya 1910. Tukumbuke miaka ile ilikuwaje. Mwaka 1911 wafanyakazi wa bandari na wa reli wa Uingereza waligoma. Mwaka 1912 wachimba makaa ya mawe karibu milioni moja waliweka zana chini wakidai kima cha chini cha mshahara. Wanawake walikuwa wakifungwa gerezani kwa kudai kura. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao anayeiathiri hadithi ya filamu hii. Wafanyakazi wake wanaimba, wanakunywa na kumsindikiza bwana harusi kanisani. Wamepewa kila kitu isipokuwa umoja wao.

MWISHO ULIOBADILISHWA

Pili, filamu imegeukia mapenzi. Shaw alimaliza tamthilia yake kwa Eliza kuondoka. Wakati wa maonyesho ya London mwaka 1914, Herbert Beerbohm Tree, aliyeigiza Higgins, alizoea kumrushia Eliza maua kabla ya pazia kufungwa, ili watu waondoke wakidhani kuna harusi. Shaw alikasirika sana. Tree alijitetea kwamba mwisho wake ndio unaoleta fedha. Hatuhitaji ushahidi bora kuliko huo. Mwenye duka amesema mwenyewe.

Mwaka 1916 Shaw aliongeza maelezo marefu mwishoni mwa kitabu, akisisitiza kwamba Eliza hamwoi Higgins kwa maana yoyote wala haolewi naye. Anaolewa na Freddy, kijana asiye na kitu, na wanafungua duka la maua. Haikusaidia. Filamu ya Pygmalion ya mwaka 1938 ilimrudisha Eliza kwa Higgins. Lerner naye, alipochapisha maneno ya My Fair Lady, aliandika wazi kwamba hana hakika kama Shaw alikuwa sahihi kuhusu mwisho ule.

Katika filamu ya 1964 Higgins anarudi nyumbani peke yake na kuisikiliza sauti ya Eliza iliyorekodiwa katika mashine yake. Eliza anaingia kimya, anaizima mashine, na kusema maneno machache kwa lafudhi yake ya zamani. Higgins anajilaza kitini, anashusha kofia usoni, na kuuliza sapatu zake ziko wapi. Muziki unapanda. Filamu imekwisha.

Wapo watakaosema kwamba tunamlaumu binti wa watu kwa kupenda, na kwamba moyo hauna tabaka. Hapana. Mapenzi si dhambi, na mtu wa tabaka moja aweza kumpenda wa tabaka jingine. Tunachouliza ni masharti ya kurudi kwake. Tangu alipoondoka mpaka aliporudi, Higgins amebadilika kitu gani? Wimbo wake wa mwisho ni wa mtu aliyemzoea mwenzake kama anavyoizoea saa ya ukutani. Hajaomba radhi. Hajakiri kwamba kazi ilikuwa ya wawili. Eliza alikuwa amekwisha kumwambia kwamba anaweza kujitegemea kwa kufundisha fonetiki. Yaani chombo alichopewa sasa ni chake, na hana haja ya bwana. Hilo ndilo lililomtia Higgins hofu kweli kweli. Mwisho wa filamu unaifuta kauli hiyo. Mtu aliyekuja na shilingi yake kununua elimu ili apate kazi anaishia kuulizwa sapatu, na tunaambiwa tufurahi.

SAUTI ILIYOFICHWA

Liko jambo jingine lililo nje ya hadithi lakini ndani ya filamu. Jukwaani Eliza aliigizwa na kuimbwa na Julie Andrews. Warner walimwacha kwa sababu jina lake lilikuwa bado halijulikani katika soko la filamu, wakamchukua Audrey Hepburn kwa dola milioni moja. Hepburn alijitahidi kuimba, lakini sehemu kubwa ya nyimbo tunazozisikia ziliimbwa na mwanamke mwingine, Marni Nixon. Ndiye pia aliyemwimbia Deborah Kerr katika The King and I mwaka 1956, na Natalie Wood katika West Side Story mwaka 1961. Jina lake halikuandikwa miongoni mwa waliofanya kazi katika My Fair Lady. Alifariki mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya watu kuipenda sauti yake bila kujua ni ya nani.

Basi filamu inayohusu bwana anayempa mwanamke maskini sauti mpya, na kujisifu kwamba ni kazi yake, ilitengenezwa kwa kuchukua sauti ya mwanamke mfanyakazi na kulificha jina lake. Tusiwalaumu waigizaji, Hepburn mwenyewe hakupendezwa kunyimwa kuimba. Huo ndio utaratibu wa kiwanda kile. Sauti ya Eliza ilibaki katika mashine ya Higgins, na ya Nixon katika mali ya kampuni.

UDHAIFU WA SHAW MWENYEWE

Isidhaniwe kwamba tukiurudisha mwisho wa Shaw mambo yamekamilika. Duka la maua la Eliza na Freddy linafunguliwa kwa fedha za Kanali Pickering. Yaani msichana wa sokoni anakuwa mwenye duka kwa mtaji wa afisa wa dola ya kikoloni, na wenzake wa Covent Garden hawatajwi tena. Hapa tunaona mipaka ya Ufabian. Mtaalamu mwema anamwelimisha mnyonge mmoja mmoja, naye anapanda ngazi, na ngazi yenyewe inabaki pale pale. Shaw aliuliza vizuri kuliko alivyojibu. Hata hivyo yeye aliuliza, Hollywood ilinyamazisha.

Mvutano juu ya mwisho huu haujaisha. Mwaka 2018, katika maonyesho mapya ya My Fair Lady kwenye Lincoln Center, New York, Eliza alimwacha Higgins na kutoka ukumbini akipita katikati ya watazamaji. Hiyo ni hatua. Lakini anakoenda baada ya mlango ule bado hakujaonyeshwa na mtu.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, filamu hii iangaliwe, wala isiogopwe. Nyimbo zake ni nzuri na uigizaji wake ni wa hali ya juu. Kuyakataa hayo ni kujidanganya. Lakini iangaliwe na watu wanaojua kushika hesabu: shilingi ilitoka kwa nani, nguo zilibaki za nani, sauti ilikuwa ya nani, na nani aliyeandikwa jina. Vikundi vya masomo vitakavyoichagua vijadili mambo yafuatayo:

1. Kwa nini Higgins anaudhika zaidi na swali la umiliki wa nguo kuliko na kurushiwa sapatu?

2. Mtu mmoja akitolewa katika tabaka lake kwa elimu, ni nini kimebadilika kwa waliobaki, na ni nini kinachotakiwa ili kibadilike?

3. Katika mazingira yetu, ni wapi ambapo matamshi ya mtu yanatumika kumnyima kazi, huduma au heshima, na nani anayefaidika?

4. Andikeni mwisho mwingine wa hadithi hii unaoanzia kwenye moto wa Covent Garden, pale Eliza anaposimama mbele ya wenzake wasiomtambua. Aseme nini nao, na kwa lafudhi ipi?

Swali la nne lipewe muda kuliko mengine. Ndilo ambalo Shaw hakulifikia, na ambalo dola milioni 17 zilitumika kulipita.